Hungry Hearts: pale upendo unamunyima mutoto chakula



Mara hii siandiki juu ya mbegu, wala juu ya mbolea, wala juu ya namna ya kutafuta kazi nyuma ya licence. Naandika juu ya filme moja. Mutaniuliza: agronome na filme, wapi na wapi? Musome mpaka mwisho. Mutaona ile filme iko karibu sana na kazi yetu, na iko karibu sana na nyumba zetu.

Jina yake ni Hungry Hearts, maana yake "Mioyo yenye njaa". Ilitoka mwaka 2014. Aliyeiongoza ni Muitaliani Saverio Costanzo, na hadithi aliitoa katika kitabu cha Muitaliani mwenzake, Marco Franzoso, kinachoitwa Il bambino indaco. Wachezaji wakubwa ni wawili: Adam Driver wa Marekani (wenye kupenda Star Wars munamujua) na Alba Rohrwacher wa Italia. Kwenye festivali ya Venice ya mwaka ule, wote wawili walipewa Kombe la Volpi, yeye kama mwanaume aliyecheza vizuri zaidi, yeye kama mwanamuke. Kwa filme ileile moja.

Niliiangalia usiku kwa mashini ya rafiki yangu, na usingizi ulinikimbia. Si filme ya mashetani. Hakuna mutu anayekimbizana na kisu. Kuko baba, mama, na mutoto mudogo asiyeongeza kilo. Ni hayo tu, na yanatosha kukutetemesha.

Sababu ingine ya kukosa usingizi ni yangu binafsi. Nitaisema mbele kidogo.

1. Filme inasema nini

Inaanza kwa kuchekesha. Tuko New York, ndani ya choo cha restora moja ya Wachina. Kijana mumoja, Jude, tumbo imemuharibikia. Musichana Muitaliani, Mina, anajikuta mule ndani pamoja naye, na mulango unakwama. Harufu ni mubaya, hakuna hewa, simu haisaidii. Wanaanza kuongea, wanacheka, wanapendana. Muangalie vizuri ule mwanzo: jambo la kwanza kabisa filme inatuonyesha juu ya chakula ni kwamba chakula kinaweza kukuharibu. Wakati ule tunacheka. Kisha tutaacha kucheka.

Mina anapata mimba. Wanafunga ndoa, watu wanaimba, watu wanacheza. Mina ni mugeni mule mujini, mbali na familia yake. Siku moja anaenda kwa mama mumoja mupiga ramli, na yule anamwambia kwamba mutoto aliye tumboni ni "mutoto wa indigo", maana yake mutoto wa pekee, si sawa na wengine. Toka ile siku kitu kinageuka ndani ya Mina. Kila kinachotoka inje kinakuwa hatari kwa ule mutoto wa pekee: nyama, maziwa, mayai, dawa, hospitali, hata hewa ya barabarani.

Mutoto anazaliwa. Mina hataki munganga amuguse. Juu ya dari ya nyumba wanamopanga, anajenga kanyumba kadogo ka kuoteshea mboga, na anamulisha mutoto chakula kisicho na kitu chochote cha munyama. Miezi inapita. Jude anaona mutoto haongezeki. Anamubeba kwa siri mpaka kwa munganga, na munganga anamwambia wazi: huyu mutoto amekosa chakula, amebaki nyuma ya umri wake.

Hapo vita inaanza, vita ya kimyakimya. Jude anajifanya anaenda kutembeza mutoto, kumbe anaingia naye kanisani na kumulisha nyama kwa kujificha. Nyumbani, Mina anamupa mutoto mafuta ya "kumusafisha", mafuta yanayozuia mwili usikamate kile ulichokula. Mumoja anajaza, mwingine anamwaga. Na ule mutoto yuko katikati, hajui kitu.

Mwisho siutoi hapa, juu wengine hamujaiona. Nasema tu: mama ya Jude anaishi inje ya muji, na Mina alikuwa na ndoto moja inayorudi, ndoto ya muwindaji anayepiga munyama risasi. Mukiangalia, mukumbuke ile ndoto.

2. Kwa nini inatisha hivi

Mutu anayesoma ule muhtasari anaweza kusema: hii ni hadithi ya huzuni, iko wapi ile hofu? Hofu inatokana na namna ilivyotengenezwa.

Kwanza, nyumba. Karibu yote inapita ndani ya vyumba vidogo. Kadiri filme inavyoendelea, Costanzo anatumia lensi pana sana, ile inayopindisha picha: kuta zinaonekana zimejikunja, Mina anaonekana murefu na mwembamba kupita kiasi, korido inakuwa sawa na pango. Nyumba ni ileile ya mwanzo, lakini jicho letu halikubali tena kwamba ni ileile.

Pili, mabadiliko yanakuja polepole. Hakuna siku moja ambapo unaweza kusema "leo Mina amegeuka". Jana aliacha nyama. Leo ameacha maziwa. Kesho ataacha munganga. Kila hatua ni ndogo, na kwa kila hatua Jude anasema moyoni "wacha, itapita". Na sisi tunaoangalia tunasema vilevile.

Tatu, na hii njo kubwa: mule nyumbani hakuna adui. Wapenzi wa filme za zamani wanaweza kukumbuka Rosemary's Baby ya Roman Polanski, ya mwaka 1968. Ile pia iko New York, iko na mimba, iko na mwanamuke anayeogopa vitu anavyoleteshwa kunywa na kula. Lakini kule kuko watu wabaya kweli, majirani wenye mupango. Katika Hungry Hearts hakuna mupango. Mina anamupenda mutoto wake. Angekuwa anamuchukia, Jude angejua cha kufanya toka wiki ya kwanza. Anashindwa juu anaona upendo kwa macho yake, anaona mama anayeamuka usiku, anayepanda mboga kwa mikono yake, anayelia. Ni vigumu kumwambia mutu anayejitoa hivi: "Unamuua mutoto."

3. Wazo moja linavyokamata mutu

Kuna neno ambalo wanganga wa akili wanalitumia: ortoreksia. Alilitunga munganga Mumarekani Steven Bratman mwaka 1997, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya "sawasawa, nyoofu", na lingine lenye maana ya "hamu ya kula". Ni hali ya mutu aliyeshikwa na wazo la kula chakula kisafi mpaka ule usafi unamuharibia afya na maisha. Bado haimo kama ugonjwa wa peke yake katika DSM-5, kile kitabu kikubwa cha Wamarekani cha kupanga magonjwa ya akili. Lakini ukiangalia Mina unaona ile hali kwa mwendo wake wote.

Nimejaribu kuupanga ule mwendo kwa hatua, juu ni muhimu tuujue.

Hatua ya kwanza ni alama. Mutu anapewa neno ama anapata tukio linalomwambia: wewe, ama mutoto wako, si sawa na wengine. Kwa Mina ni yule mupiga ramli. Kwetu pia hawakosekani.

Hatua ya pili ni sheria. Hiki kinaingia, hiki hakiingii. Sheria inatuliza. Dunia ni kubwa na inatisha, lakini sahani ni ndogo, naweza kuiongoza.

Hatua ya tatu ni kwamba sheria haiwezi kushindwa. Mutoto akiwa muzima, ni juu ya sheria. Mutoto akigonjwa, ni mwili unajisafisha, kwa hiyo sheria inafanya kazi. Ama sheria haijafuatwa kwa nguvu, kwa hiyo tuikaze. Hapa njo mutego wenyewe. Wasomi, mulijifunza kwamba wazo lisiloweza kupatikana na kosa hata siku moja, si sayansi tena.

Hatua ya ine ni kufunga mulango. Munganga hajui. Mama mukwe hajui. Mume mwenyewe hajui. Kila mutu anayeleta habari ya tofauti anakuwa sehemu ya ile sumu.

Na hatua ya tano, mutu wa upande wa pili naye anaanza kujificha. Jude kule kanisani na kinyama chake mukononi anatafuta kumuokoa mwanawe, ndiyo, lakini ameingia katika muchezo wa siri. Sasa nyumbani hakuna mutu anayesema ukweli kwa mwenzake. Hata ukweli wa munganga hauwezi kusaidia, juu hauwekwi juu ya meza.

4. Hesabu ya agronome

Tuache moyo kidogo, tuingie kwenye sahani.

Shirika la Afya Duniani, ile OMS, linasema: mpaka miezi 6 mutoto anyonye tu. Nyuma ya pale anaendelea kunyonya, lakini chakula kingine kinaingia. Kwa mutoto anayenyonya vizuri, kile chakula kingine kinapaswa kumupa karibu kalori 200 kwa siku kati ya miezi 6 na 8, karibu 300 kati ya miezi 9 na 11, na karibu 550 kati ya miezi 12 na 23.

Sasa tukamate mfano mukali: mboga ya majani iliyochemushwa na maji tu, bila mafuta, sawa lengalenga ama epinari. Gramu 100 zinatoa kama kalori 25. Ili ufikishe kalori 200 kwa majani peke yake unahitaji gramu 800. Tumbo ya mutoto kwa mara moja inabeba karibu gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mutoto wa kilo 7, ni gramu 210. Kwa hiyo itabidi umujaze majani mpaka juu karibu mara ine kwa siku, na bado anyonye, na bado alale. Haiwezekani. Atakuwa ameshiba wakati mwili unaendelea kulia njaa. Atageuza kichwa, atakataa kijiko, na mama atasema: "Si munaona, ameshiba."

Hiyo ni nguvu tu. Kuko pia vitamini B12, ambayo inasaidia kutengeneza damu na mishipa ya fahamu. Tunaipata katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Mimea haitupatii kwa kiasi kinachofaa. Mutu mukubwa yuko na akiba yake kwenye maini, inaweza kumubeba miaka. Mutoto hana ile akiba, na kama mama naye ameacha vyakula vile bila kutafuta hiyo vitamini kwa njia ingine, hata maziwa yake yanapunguka. Nisieleweke vibaya: mutu mukubwa asiyekula kitu cha munyama anaweza kuishi vizuri kabisa, akipanga sahani yake na akichukua B12 kando. Sipigane na mboga. Mboga njo kazi yangu. Napigana na sahani isiyopimwa.

Na yale mafuta ya Mina? Vitamini A, D, E na K zinasafiri ndani ya mafuta. Kuko mafuta ambayo mwili hauyatumii, yanapita tu, na yakipita yanaondoka na zile vitamini. Sisi wa milima tunaelewa haraka: ni sawa na kuweka mbolea kwenye mutelemuko usio na mitaro, kisha mvua kubwa inapiga. Wewe unaweka kwa bidii yako yote, na yote inateremuka mutoni.

Sasa mukumbuke somo la mwaka wa kwanza, sheria ya kipimo cha chini, ile tunayoiita ya Liebig hata kama Carl Sprengel alikuwa ameisema mbele yake. Mwalimu alichora pipa la mbao, na kila ubao uko na urefu wake: azoti, fosforo, potasi, maji. Maji ndani ya pipa hayawezi kupita ubao mufupi kuliko zote. Ukirefusha zingine, ukaacha ile mufupi, haujafanya kitu.

Nilipoangalia Mina juu ya dari, mikono yake kwenye udongo, niliona lile pipa. Alirefusha ubao mumoja tu, ubao wa usafi. Aliurefusha, akaurefusha, mpaka mbinguni. Na mutoto alikuwa anakauka kupitia ubao mwingine.

5. Sasa niseme habari yangu

Mwaka nilipokuwa namaliza licence, nilikuwa naishi kwa yaya wangu, dada yangu mukubwa. Alikuwa na mutoto musichana wa miezi 9. Wakati ule tulikuwa tunasoma mambo ya dawa za wadudu na ya kuvu zinazoota kwenye unga uliohifadhiwa vibaya. Kila jioni nilirudi nyumbani na hofu mupya. Nilimwambia yaya: acha sambaza za soko, haujui wanapuliza nini kufukuza inzi. Acha maziwa, wanatia maji, na ile maji haujui imetoka wapi. Acha unga wa soya na wa karanga, kuko sumu ya kuvu, haionekani kwa jicho. Nyanya pia acha.

Yaya hakusoma sana, na alikuwa anajivunia mudogo wake. Aliacha vyote. Nyuma ya nyumba nililima kashamba kadogo, na mbolea ya takataka za jikoni, bila dawa hata tone moja. Lengalenga ilikuwa nzuri, majani mapana. Mutoto alikula lengalenga na viazi kidogo, na alinyonya. Nilipiga picha, nikaonyesha wenzangu wa promo: musione, chakula kisafi.

Mwezi wa kwanza, kwenye kilo, mutoto alikuwa na kilo 7,4. Mwezi uliofuata, 7,4. Ule mwingine, 7,3. Walimupima mukono kwa ule utepe wa rangi: milimita 123. Munajua kwamba chini ya 125 rangi ni njano, na chini ya 115 ni nyekundu. Alikuwa ameingia kwenye njano.

Mama munganga alimuuliza yaya: "Mutoto anakula nini?" Yaya akahesabu. Hesabu haikuwa ndefu.

"Na samaki? Na yai? Hata karanga?"

"Mudogo wangu amekataza, mama. Yeye ni enjenyere."

"Enjenyere alishamupima mutoto kilo?"

Jioni yaya hakunigombeza. Aliweka ile fishi juu ya meza mbele yangu, akaweka kidole kwenye musitari. Musitari ulikuwa umelala, mwishoni ulianza kuangalia chini. Hakusema kitu.

Munajua neno la kwanza lililotoka katika kinywa changu? Nilisema: "Mizani yao ni mubaya."

Mimi, mutu wa sayansi. Nilikuwa nimefika hatua ya tatu na nilikuwa naingia ya ine. Hesabu ilinionyesha kosa, na mimi niligombana na hesabu. Njo maana, miaka ilipopita na nikamuona Mina anafunga mulango, sikuweza kumucheka. Nilimujua.

Yaya alinijibu neno moja tu: "Basi umushike." Akaniwekea mutoto mukononi. Alikuwa mwepesi. Nilikuwa namuona kila siku, lakini sikuwa namushika. Nilikuwa nashika jembe.

Kesho yake tulianza upya. Uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mutama. Sambaza tulizozikausha, tukazitwanga unga, kijiko kimoja katika kila sahani. Kijiko cha mafuta ya mawese ndani ya lengalenga, lengalenga ileile. Yai pale ilipowezekana. Nyuma ya miezi mbili alikuwa na kilo 8,1. Leo anasoma, na anapiga makelele kuliko wote nyumbani.

Na hofu zangu je, zilikuwa za bure? Hapana, na hapa njo pagumu. Sumu ya kuvu iko kweli. Dawa za wadudu zinatumiwa vibaya kweli. Maziwa ya kuchanganya na maji yako kweli. Wazo linalokamata mutu mara nyingi linaanza na kitu cha ukweli. Lakini jibu la unga wenye kuvu ni kukausha vizuri, kuchagua mbegu mubaya na kutupa, kuhifadhi pahali pakavu. Jibu la maziwa ni kuchemusha. Jibu la sambaza ni kuosha na kununua kwa mutu unayemujua. Hofu iliyosoma inatafuta namna ya kula kitu salama. Mimi nilikata kila kitu, juu kukata kulikuwa rahisi kuliko kushugulika.

6. Njaa mbili, mizani moja

Mutu anaweza kusema: filme ya New York inatuhusu nini, sisi wenye watoto wanaokosa chakula juu ya vita, juu ya mashamba yaliyoachwa, juu ya mufuko usio na kitu? Ni kweli, na nisiwatukane wamama wetu. Watoto wengi tunaowaona na bwaki hawakunyimwa na wazo la mutu. Walinyimwa na maisha. Hilo tulishike kwanza.

Lakini bwaki yenyewe inatufundisha kitu kinachofanana na ile filme. Jina yake ya kimunganga, kwashiorkor, ni neno la Kiga la kule Ghana. Munganga Cicely Williams njo aliliingiza katika vitabu, kwenye gazeti la Lancet mwaka 1935. Mutoto wa bwaki anavimba. Mashavu ni manene, miguu ni minene, na jirani anasema "ananona". Jicho linadanganywa na maji yaliyo chini ya ngozi. Kwa Mina vilevile jicho linadanganywa: anaona mutoto mutulivu, mwenye ngozi safi, asiyelia sana, na anasema huyu ni wa pekee. Utulivu wa mutoto mwenye njaa si amani. Hana tena nguvu ya kulia.

Kwa hiyo katika umasikini na katika utajiri, dawa ya kwanza ya jicho la upendo ni kitu kisicho na upendo: mizani, utepe wa mukono, vidole vya munganga anayefinya mguu kuona kama shimo linabaki. Vile vyombo havimupendi mutoto wala havimuchukii. Njo maana vinaweza kukwambia kile moyo unakataa kusikia.

Niko na lawama moja kwa ile filme. Inamufuata sana Jude, na haituingizi ndani ya Mina vya kutosha. Tunaona hofu yake kutoka inje, sawa vile majirani wangeiona. Ningependa tumusikie zaidi, juu mutu aliyeshikwa na wazo hatoki kwa kuchunguzwa. Na Jude anaachwa atoke kama mwenye haki, wakati kosa lake ni kubwa pia: alingoja, kisha alijificha. Angemuleta mutu wa tatu mapema, si wa kumuhukumu bibi yake, ila wa kukaa naye, wa kula naye, wa kumupima mutoto mbele yake, pengine ule mwisho haungefika. Lakini wawili walibaki peke yao, sawa vile walivyokuwa kwenye kile choo siku ya kwanza. Mulango umefungwa, hewa imekwisha. Ile siku mulango ulifunguka. Mara ya pili haikuwa vile.

Mimi nilipata bahati. Nyumbani kwetu mulango ulikuwa wazi. Kulikuwa na mama munganga asiyetishwa na jina la enjenyere, na kulikuwa na yaya aliyejua kuweka kidole kwenye musitari bila kunitukana.

Wandugu, sisi tuliosoma tunasikilizwa nyumbani. Neno letu juu ya chakula linaingia kwenye sahani ya mutu mwingine kesho asubui, hata kama tulilisoma jana usiku na hatujalielewa vizuri. Mbele ya kukataza chakula chochote kwa mutoto wa mutu, ulizeni mambo mawili: nitaweka nini pahali pake, na musitari wa kilo unasema nini. Kama hauna majibu, kaa kimya, umubebe mutoto mpaka kwenye kilo, na usimame pale mpaka sindano ya mizani itulie.